Talaka ikitoka, mtoto anakula wapi?

Aprili 2018, Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliwatangazia wanawake waliotelekezwa na wazazi wenzao kwamba wafike ofisini kwake wasaidiwe. Waliitika kwa wingi kuliko viti na mahema yaliyokuwapo. Walikuja na vichanga mgongoni, na wengine wakiwa wamewashika mikono watoto wakubwa wa kutosha kuelewa kinachozungumzwa. Wanasheria na maofisa ustawi wa jamii waliwekwa kuwasikiliza mmoja mmoja.

Nchi nzima ikabishana. Wapo waliosema kina baba wanadhalilishwa, wapo waliosema wameachiwa mno. Swali lililonikaa mimi tangu siku zile ni jingine. Wanawake wale walikuwa na sheria. Sheria ya Mtoto ilikuwa na umri wa miaka 9, na Sheria ya Ndoa ilikuwa inakaribia kutimiza miaka 50. Mahakama zilikuwa wazi, na ofisi za ustawi wa jamii zilikuwapo kwenye halmashauri zao. Inakuwaje mtu mwenye haki iliyopitishwa na Bunge apange foleni juani, akimwomba kiongozi ampigie simu baba wa mtoto wake?

Nimezisoma sheria hizo na hukumu nyingi zilizotokana nazo, na jibu ninaloliona limo katika mpangilio wa namna tunavyoachana. Talaka zetu, za mahakamani na za mtaani, ni shughuli ya watu wazima wawili. Huanza kwa kugombea nani alikosa, hufuata kugombea nani alichuma nini, na mtoto huingia mwisho, wakati kilichobaki cha kumpa ni ahadi tu.

Nyumba moja inapokuwa mbili

Mwaka 2016 Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na UNICEF zilitoa ripoti kuhusu umaskini wa watoto Tanzania. Kwa kipimo cha kipato, asilimia 29 ya watoto waliishi kwenye kaya zilizo chini ya mstari wa umaskini. Lakini watafiti walipomwangalia mtoto mwenyewe, wakauliza kama anapata lishe, maji safi, choo, matibabu, shule, ulinzi na mahali pazuri pa kulala, asilimia 74 walionekana kukosa kadhaa ya mambo hayo kwa pamoja. Sehemu kubwa ya pengo hilo inatokana na huduma: kisima kiko mbali, zahanati haina dawa. Hata hivyo takwimu hizo mbili zikiwekwa pamoja zinatufundisha jambo ambalo kila mama aliyeachika analijua. Fedha kuwapo ndani ya familia ni habari moja, na fedha hiyo kumfikia mtoto ni habari nyingine.

Familia ikivunjika, kipato hakiongezeki hata kwa shilingi moja, ila matumizi huzaa. Kodi zinakuwa mbili. Vitanda, vyandarua, mitungi ya gesi au magunia ya mkaa, vyote vinahitajika mara mbili. Dar es Salaam, Mwanza au Arusha, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, pengine ya mwaka mzima, kabla hajakupa ufunguo. Mwanamke aliyetoka kwenye ndoa na mabegi mawili na watoto watatu hana fedha hiyo. Anakwenda kwa dada yake, wanalala sebuleni. Baada ya mwezi mmoja au miwili shemeji anaanza kununa, na watoto wanahamishiwa kwa bibi kijijini, kwa muda.

Muda huo ndio wa kuuangalia kwa makini, kwa sababu mara nyingi hugeuka miaka. Bibi mwenyewe anaishi kwa shamba la robo eka na pengine ruzuku ya TASAF, kupitia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambayo ilipangwa kwa hesabu ya kaya yake kabla wajukuu hawajafika. Mtoto aliyekuwa darasa la nne mjini anafika kijijini katikati ya muhula bila barua ya uhamisho, kwa kuwa barua hiyo ilipaswa kuchukuliwa na mzazi ambaye hawaongei na mwenzake. Ada ya shule ya msingi na sekondari ya chini ilishafutwa, na huo ni msaada mkubwa. Lakini sare hazikufutwa, wala madaftari, wala mchango wa chakula cha mchana. Mtoto asiye na sare mpya hasemi kwamba wazazi wake wameachana. Anasema kichwa kinamuuma, haendi shule.

Sisemi haya ili kumrudisha mtu kwenye ndoa iliyomshinda. Kauli ya "vumilia kwa ajili ya watoto" imewaweka wanawake wengi kwenye vipigo, na watoto wao wamekua wakivitazama vipigo hivyo. Hakuna ustawi wa mtoto ndani ya nyumba ambamo mama yake analala na khanga ya kukimbilia chini ya mto. Ninalosema ni kwamba gharama ya kutengana inajulikana tangu siku ya kwanza, inahesabika, na kwa utaratibu tulionao sasa inawaangukia watoto.

Sheria ilisema nini

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa ya kijasiri kwa wakati wake. Ndoa za kimila, za Kiislamu, za Kikristo na za kiserikali zilikuwa zinakwenda kila moja kwa njia yake. Sheria hii ikaziweka zote chini ya paa moja. Ilimkataza mwanandoa kumpiga mwenzake kwa kisingizio cha kumrudi. Ilizuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kuhusu talaka, haikuishia kuorodhesha makosa tu. Ilimtaka hakimu ajiridhishe kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, kisha ikataja ushahidi unaoweza kuonyesha hivyo: ugoni, ukatili, kutelekeza kwa miaka mitatu au zaidi, kifungo kirefu na mengineyo.

Kabla ya kufika kwa hakimu, wanandoa wanatakiwa wapite Baraza la Usuluhishi la Ndoa, la kata au la taasisi ya dini. Baraza likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati, Fomu Namba 3, na shauri lifunguliwe kabla hati hiyo haijapitisha miezi sita tangu itolewe. Nia ilikuwa njema, kwa kuwa wazee wakikaa na wanandoa huweza kuokoa kitu. Lakini hati hiyo imekuwa mtego kwa watu wasio na wakili. Baraza linaandika barua ya kawaida badala ya fomu, au linasahau kusema kwamba usuluhishi umeshindikana, au mlalamikaji anawahi mahakamani kabla ya baraza. Mahakama ya mwanzo inasikiliza, wilaya inasikiliza, Mahakama Kuu inasikiliza, halafu Mahakama ya Rufani inagundua kasoro ya hati na kufuta mwenendo wote tangu mwanzo. Kisheria uamuzi huo hauna ubaya. Ila mtoto aliyekuwa na miaka mitano shauri lilipoanza sasa yuko darasa la tano, na wazazi wake wanaambiwa warudi kwenye baraza la kata.

Sheria yenyewe ina milango ya kando ambayo wananchi hawaambiwi. Mume akiwa ametoroka na hajulikani aliko, au akiitwa barazani akakataa kwa makusudi, au hali ikiwa ya kipekee kiasi kwamba usuluhishi hauwezekani, hati hiyo haihitajiki. Mwanamke anayeambiwa na mtendaji "bila mumeo hatuwezi kuandika chochote" anastahili kuijua sentensi hiyo.

Kifungu chenye mistari minne

Mali hugawanywa kwa kifungu cha 114, na hapo ndipo mabishano makubwa ya talaka za Tanzania yalipo. Mwaka 1983, katika rufaa ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Kupika, kufua, kulea na kuitunza nyumba kukawa na thamani mbele ya sheria. Bi Hawa mwenyewe rufaa yake haikufua dafu, lakini jina lake limewafungulia mlango wanawake ambao hawakuwa na risiti hata moja ya kuonyesha.

Tangu hapo mahakama zimekuwa zikibishana juu ya neno hilo moja, mchango. Nani alinunua kiwanja? Nani alileta mabati? Kibanda cha genge kilitoa kiasi gani? Hakimu mmoja anampa mke asilimia kumi, mwingine thelathini, mwingine nusu. Ukipitia hukumu zinazowekwa wazi na Mahakama kwenye mtandao wa TanzLII, utaona kurasa kwa kurasa za hesabu ya saruji na nondo.

Lakini kifungu cha 114 kinamtaka hakimu atazame mambo manne kabla ya kuelekea kwenye usawa. La kwanza ni mila za jamii ya wanandoa. La pili ni mchango wa kila mmoja, wa fedha, mali au kazi. La tatu ni madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote. La nne ni mahitaji ya watoto, kama wapo.

La nne liko ndani ya kifungu cha kugawa mali. Halikuwekwa kwenye kifungu kingine cha huruma kinachokuja baadaye, na maana yake, kwa jinsi ninavyokisoma, ni nzito. Kabla nyumba haijapigwa mnada na fedha kugawanywa kwa asilimia, hakimu ana mamlaka ya kuuliza watoto watalala wapi. Ana uwezo wa kusema kwamba mzazi anayebaki na watoto ndiye abaki na nyumba, na mwenzake afidiwe kiwanja au shamba. Wapo mahakimu na majaji wanaofanya hivyo, nao wanastahili kusifiwa kwa majina siku moja. Lakini mara nyingi kipengele cha watoto hutajwa kwa mstari mmoja, kisha hukumu inarudi kwenye mabati.

Mawakili wanaandaa hoja za mchango kwa sababu ndizo zinazoshinda, na wateja wanaleta risiti kwa sababu ndizo walizoombwa. Hakuna anayeleta hesabu ya mtoto: sare jozi mbili, viatu, daftari, chakula cha siku, nauli, matibabu, kodi ya chumba cha ziada. Hesabu hiyo ingeweza kuandikwa kwenye karatasi moja na kuwekwa mbele ya hakimu siku ileile orodha ya mali inapowekwa. Inaweza pia kuombwa na baraza la kata mapema zaidi, wazee wakishaona kwamba ndoa haipatanishiki. Sheria haikatazi lolote kati ya hayo. Ni mazoea yetu tu ndiyo hayajafika huko.

Shilingi elfu hamsini

Mpaka mwaka 2009, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa Tanzania Bara alikuwa chini ya sheria ya mwaka 1949 iliyorithiwa kwa mkoloni, ambayo matunzo yake yalifikia shilingi 100 kwa mwezi. Fedha hiyo haikutosha hata mkate. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilifuta aibu hiyo. Haimuulizi mtoto kama wazazi wake walifunga ndoa. Inawataka wazazi wamlee, na hakimu anapopanga kiasi cha matunzo anatakiwa aangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu mengine waliyonayo na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Anayeweza kuomba ni mzazi, mlezi, ndugu, afisa ustawi wa jamii, hata mtoto mwenyewe akisimamiwa na mtu mzima. Baba akikana, kuna jina lililoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, kuna mila zilizofanywa, kuna kumtambua mtoto hadharani, kuna kipimo cha vinasaba, na kukataa kupimwa nako ni ushahidi.

Kwa hiyo mama anashinda. Tuseme hakimu ameamuru shilingi 50,000 kwa mwezi kwa watoto wawili. Igawe kwa siku 30, kisha kwa watoto wawili: ni kama shilingi 830 kwa mtoto kwa siku, ya unga, mboga, sabuni, dawa na peni. Hata hiyo ingesaidia kama ingefika. Mwezi wa kwanza inafika. Wa pili inafika nusu, na ujumbe kwamba mambo magumu. Wa tatu namba ya simu haipatikani.

Hapo ndipo sheria inapomwambia mama arudi mahakamani kukaza hukumu. Anaandika maombi, anangoja wito utolewe, anamtafuta mtu wa kuupeleka, anarudi siku iliyopangwa na kuambiwa hakimu ana semina. Mamalishe akifunga jiko siku moja amekosa faida ya siku hiyo, na mtaji wenyewe unaanza kuliwa nyumbani. Akienda mara tatu kwa ajili ya deni la mwezi mmoja, nauli na biashara aliyopoteza vimekwisha likaribia deni lenyewe. Baada ya muda anaacha, na kuacha kwake kunahesabiwa kuwa ameridhika. Wanawake waliojaa ofisini kwa Mkuu wa Mkoa mwaka 2018 walikuwa wanatafuta njia ya mkato, kwa sababu njia ndefu inawagharimu kuliko inavyowalipa.

Baba mwenye ajira rasmi angalau anaweza kukatwa kwenye mshahara kwa amri ya mahakama. Lakini wengi wa kina baba hawana hati ya mshahara. Ni bodaboda, ni mafundi, ni wavuvi, ni wachimbaji wadogo wanaohama na madini. Kipato chao kinapanda na kushuka, na amri ya kiasi kilekile kila tarehe moja haiwafai wao wala watoto wao. Mkulima wa korosho wa Mtwara ana fedha msimu wa mnada, halafu hana. Kwa nini hakimu asiamuru magunia matatu ya mahindi wakati wa mavuno na fedha ya sare Januari? Na kwa kuwa karibu kila mtu sasa anapokea na kutuma fedha kwa simu, amri ingeweza kutaja namba mbili, ya mlipaji na ya mpokeaji, na rekodi ya miamala ikawa ndiyo ushahidi. Mama asingelazimika kuthibitisha kwamba hakulipwa, kwa maana baba ndiye angeonyesha alipolipa. Hayo hayahitaji fedha nyingi za serikali. Yanahitaji fomu iliyofikiriwa vizuri na karani wa mahakama anayefuatilia malipo bila kusubiri mama alalamike.

Hukumu ya matunzo ichukuliwe kuwa deni linalotangulia madeni mengine. Mwenye duka anayedai televisheni aliyokopesha anasikilizwa haraka kuliko mtoto anayedai uji, na hilo halikubaliki.

Waliooana bila cheti

Tumezungumza kuhusu mahakama kana kwamba kila mtu hupita huko. Wengi hawafiki. Vijana wanaanza maisha kwenye chumba kimoja, mahari inalipwa nusu au haijatajwa, watoto wanazaliwa, na siku wakiachana ni mwanamke kubeba godoro na kuondoka. Mtaani watu huambiana kwamba mkikaa pamoja miezi sita tayari ni mke na mume. Sheria ya Ndoa inasema miaka miwili au zaidi, na jamii iwe inawatambua kama mke na mume. Hapo kuna dhana ya ndoa, na mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Hata hiyo isipothibitika, mtoto bado ana Sheria ya Mtoto.

Katika jamii zinazofuata ukoo wa baba, kuna mzigo mwingine. Mahari ya ng'ombe ikishalipwa, watoto ni wa upande wa baba, na mwanamke akiondoka wazazi wake wanaweza kudaiwa ng'ombe warudishwe. Baba wa binti asiye na ng'ombe wa kurudisha atamsihi mwanawe arejee kwa mume hata kama ana majeraha. Uganda, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2015 kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Sisi hatujafika hapo, na mazungumzo hayo yanatusubiri.

Mtoto wa kike ndiye anayeumia zaidi kwenye msukosuko huu. Kwa bibi, au kwa mama wa kambo, yeye ndiye wa kuchota maji, kulea wadogo, kisha kutafutiwa kazi za ndani mjini. Sheria ya Ndoa iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana ni 18. Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Katika kaya ambayo baba ameondoka na mahari ya binti ndiyo fedha kubwa pekee inayoonekana mbele, umri wa kuolewa ni suala la umaskini wa watoto moja kwa moja.

Zanzibar ina njia yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki huko, na ndoa za Waislamu, ambao ndio wengi, huamuliwa na Mahakama ya Kadhi. Talaka inaweza kutolewa na mume kwa kauli, na mke ana edda, yaani muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena, na matunzo ya muda huo. Baada ya hapo mke hadai tena matunzo yake, lakini mtoto anadai: hata akikaa na mama, matunzo yake yako juu ya baba, na dini haina utata kwenye hilo. Makadhi wanalisema waziwazi. Ugumu unaokuja ni uleule wa Bara, baba kutii mwezi wa kwanza na kupotea wa tatu. Bara nako, Mwislamu aliyepewa karatasi ya talaka na mumewe ajue kwamba kwa sheria ya nchi hajamaliza. Shauri linapaswa kupita baraza la usuluhishi na kuthibitishwa na mahakama, na bila hivyo hana pa kusimamia kudai mgawanyo wa mali.

Kina baba

Wapo wanaume wanaotaka kulea na wanazuiwa. Wamelipa, wamenunua viatu, wakifika getini wanaambiwa mtoto amelala. Mama amekasirika, na mtoto ndiye silaha aliyobaki nayo. Nimewasikia wanaume wa namna hii wakizungumza kwa uchungu wa kweli, na sheria iko upande wao pia. Mzazi asiyeishi na mtoto ana haki ya kuomba mahakama impangie siku za kuonana naye. Kwa mtoto aliye chini ya miaka saba, sheria inachukulia kwamba ni vema akae na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na juu ya umri huo matakwa ya mtoto mwenyewe husikilizwa akiwa na uelewa wa kutosha.

Ila haki mbili hizi hazibadilishani. Kunyimwa kumwona mtoto hakumpi baba ruhusa ya kuacha kulipa, na kutolipwa hakumpi mama ruhusa ya kumficha mtoto. Mtoto anahitaji chakula na anahitaji baba, na hapaswi kununua kimoja kwa kukikosa kingine.

Kenya imeliandika hili vizuri kuliko sisi. Katiba yake ya mwaka 2010 inampa kila mtoto haki ya kulelewa na kulindwa na baba na mama kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au la. Sheria yetu ya Ndoa bado inamtaja baba kwanza na kumweka mama nafasi ya pili, baba akifa, asipojulikana aliko au akishindwa. Kwenye mali, majirani zetu nao wamebishana hadi Mahakama ya Juu, ambayo Januari 2023 ilisema kwamba usawa wa wanandoa haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja, na mchango lazima uthibitishwe. Lakini wajibu kwa mtoto wameuweka kwenye Katiba, mahali ambapo mabishano ya watu wazima hayaufikii.

Yapo mabadiliko yanayonipa moyo. Temeke, Dar es Salaam, Mahakama imeweka kituo jumuishi cha masuala ya familia, ambapo mashauri ya ndoa, mirathi na watoto yako chini ya paa moja na wadau wengine wa haki, ili mama asizunguke ofisi tano kwa nauli tano. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, hata wasio mawakili, na vyama kama TAWLA na WLAC vimekuwa vikiwaandikia wanawake hati zao bure kwa zaidi ya miaka 30. Kituo cha namna ya Temeke kinatakiwa kiwepo Tabora, Sumbawanga na Lindi.

Kwa msomaji ambaye jambo hili liko nyumbani kwake, au kwa jirani yake, kuna la kufanya bila kungoja mabadiliko ya Bunge. Shauri la matunzo ya mtoto halisubiri talaka, na halitegemei kama mnapatana au mnaachana. Linaweza kufunguliwa wakati ndoa bado ipo. Anza na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, haitozi ada. Chukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na kama hakipo kifuatilie RITA kwanza. Chukua barua ya serikali ya mtaa au kijiji, namba ya simu ya mzazi mwenzako, mahali anapofanya kazi au kijiwe anapopatikana, na rekodi ya fedha alizowahi kutuma. Kisha kaa usiku mmoja uandike, kitu kimoja kimoja na bei yake, mtoto wako anatumia nini kwa mwezi. Afisa atakuuliza, hakimu atakuuliza, na mwenzako atabisha. Karatasi hiyo itangulie kuwekwa mezani kabla ya orodha ya mabati.